Sauti ya Mama Emérita Kule Walikale

Siku ya pili ya juma, tarehe 2 mwezi wa tatu

Carton imefika. Prince ameileta na moto yake, pikipiki ya kubeba watu, toka Walikale, imefungwa mu sachet ya plastiki juu ya mvula, matope mpaka ku kamba. Ndani: preampli. Kasanduku keusi, kadogo kama sabuni ya kufulia. Bouton moja kubwa, mahali pa kuingiza mikro, mahali pa batri. Basi.

Mwanaume mwingine angemutumia muchumba wake kitenge. Élysée wangu ametuma preampli. Wenzangu hapa redio wamecheka sana, mumoja ameuliza kama njo nitavaa siku ya ndoa. Wacheke. Hawajui vile ninavyoteseka na hii kazi.

Emission yangu, kipindi changu ku redio, ni ya wamama walimaji. Napanda vilima, narekodi, narudi Kitshanga, tunapitisha kila siku ya ine. Na kila mara — shiii. Toka mwanzo mpaka mwisho, shiii. Mwezi uliopita directeur alisema mbele ya wote: Noëlla, emission yako ni kama kuko muntu anakaanga tusamaki twa sambaza nyuma ya mulango. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda kulia mu choo.

Muntu moja tu nilimwambia juu ya kile kilio. Élysée. Yeye ni technicien wa redio kule Walikale, tulijuana Goma mu formation, mafunzo ya watu wa redio. Na sasa ona. Ametuma na sauti ku telefone: "Wamama wako watasikilika kama wamekaa mbele ya muntu." Nimeisikiliza mara mingi, hata sina haya.

Siku ya tano, tarehe 5

Leo nimejifunza. Papa amekubali nimujaribie, alikuwa pa kibaraza anachambua mbegu za maharagi.

Élysée amenieleza ku telefone polepole, kama mwalimu. Mashine yetu ya kurekodi iko na masikio mabaya. Ukiipandisha ili isikie vizuri, inapandisha na shiii yake yenyewe — kumbe ile shiii haitoki inje, inatoka ndani ya mashine. Preampli inakamata sauti ya mikro kwanza, inaikuza ikiwa bado safi, halafu mashine inaipokea bila kujikaza. Kwa hiyo preampli juu, mashine chini.

Mara ya kwanza nimeweka vyote juu. Sauti ya Papa imepasuka kama bâche, turubai ya zamani. Mara ya pili nimeshusha mashine karibu na mwisho. Nimezima telefone, juu telefone nayo inaingizaka tititi yake. Nimevalisha mikro kipande cha mousse, sponji ya godoro, juu ya upepo.

Nikavaa écouteurs mu masikio. Nimesikia mbegu moja moja ikianguka mu kikapo. Nimesikia Papa akimeza mate mbele ya kusema.

Nimemupa naye asikilize. Ameweka mukono ku sikio. Kisha:

"Kumbe nimezeeka hivi?"

Nimecheka. Yeye hakucheka sana.

Siku ya ine, tarehe 11

Kashuga, kwa Mama Emérita. Iko mu kambi ya wakimbizi tangu wakimbie kilima chao. Nampendaka juu anajua mbegu kuliko agronome yeyote, na anasema bila kujipamba. Yeye njo nilitaka awe wa kwanza kurekodiwa na preampli.

Upepo ulikuwa unapiga bâche ya nyumba yake, pa-pa-pa. Tukafunika vichwa vyetu na blanketi, sisi wawili, mikro katikati. Kama watoto wanaojificha. Alicheka mule ndani mpaka akakohoa. Mama huyu anakohoaka kidogo mbele ya kutaja jina la muntu, ni kama anabisha hodi.

Tumeanza na maharagi. Tumeongea juu ya mihogo. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kusema shamba lake.

Bwana yake alikufa mbele ya vita kuwafukuza. Wakati wanakimbia, shemeji yake, Mbonigaba, alibaki. Sasa Mbonigaba iko na karatasi inayosema Mama Emérita alimwachia shamba lote, na kidole chake kimepigwa na wino chini ya karatasi. "Kidole changu ni hiki," amesema. "Kilikuwa hapa Kashuga pamoja na mimi. Kilienda kule na miguu gani?"

Nimemuuliza alijua namna gani. Akakohoa. Ni Umugwaneza, binti yake. Alirudi ku kilima na watoto juu ya njaa ya kambi, na Mbonigaba, baba yake mudogo, akamuachia kipande alime. Siku moja aliona ile karatasi mu nyumba ya Mbonigaba, akatumia mama yake habari.

Pale njo amenishika mukono chini ya blanketi.

"Hii usipitishe ku redio, mwana wanjye. Mutoto wangu anakula kwa mukono wa ule mwanaume. Akijua ni yeye alisema, atamufukuza. Lakini usifute. Iweke. Siku mwami, mukubwa wa inchi yetu, atakubali kutusikiliza, njo utaitoa."

Nimemuahidi. Nimesema: Mama, hii itabaki kwangu.

Ku moto, njia yote ya kurudi, écouteurs mu masikio. Hakuna shiii. Hakuna kabisa. Mama Emérita amekaa ndani ya kichwa yangu na anasema.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Élysée anataka kusikia. Hataki kwa WhatsApp, anasema inakonda sauti. Anataka carte yenyewe, kale ka ndani ya mashine kanakoshika sauti, kama zile zingine nilizokuwa namtumia anisaidie kupunguza shiii.

Nimemwambia: ndani kuko maneno ya siri, si ya kupitisha ku antenne. Mama ameniahidisha.

Amejibu: "Chérie, mi ni technicien. Nasikilizaka bruit, makelele ya mashine, sisikilizake maneno."

Nimependa lile jibu. Kisha misa kuisha, nimepa Prince carte.

Siku ya pili, tarehe 30

Furaha. Élysée amepandishwa cheo, sasa ni chef wa programme ku redio yao. Na familia yake inakuja kujipresenta kwetu, kuniposa, mwezi wa tano. Shangazi Vestine ameanza kuhesabia watu viti. Papa amesema tu: "Waje." Lakini nimemuona akifagia kibaraza yeye mwenyewe.

Na carte? Élysée anasema sauti ilikuwa nzuri sana, kazi ya kiprofesionali. Atairudisha.

Siku ya pili, tarehe 20 mwezi wa ine

Sijui niandike namna gani. Niandike vile ilivyokuwa.

Prince alikuja redio kuniachia sukari ya Papa. Alikuta niko ku antenne, akangoja. Nilipotoka aliniambia: "Dada, hapa unaongea mbio. Kule kwetu unaongeaka pole."

Nikauliza kule wapi.

"Walikale. Siku ya Mungu kisha misa. Si wewe njo unaulizaka wamama maswali? Hata wateja wangu wa moto wanakuiga — 'na wewe mama, ulipanda nini mwaka huu?'"

Nilicheka. Nilimwambia amenichanganya na muntu mwingine. Akasema hapana, tangu mbele ya Noeli, emission ya Élysée. Mwishoni wanatajaka: imetayarishwa na Élysée. Yeye alifikiri najua. Alifikiri ni kazi yetu wawili.

Zile carte zote. Nilizotuma kusafishwa.

Nikamuuliza alisikia gani ya mwisho. Niliomba ndani ya roho aseme ya mihogo, ya soya, ya mbolea.

"Ile ya mama anayekohoa," amesema Prince. "Ya shamba na kidole. Hiyo watu walizima moto zao ili wasikilize."

Siku ya tatu, tarehe 21

Élysée amepokea telefone akicheka. Niliuliza moja kwa moja: ulipitisha Mama Emérita?

Aliacha kucheka: "Sikutaja jina. Majina yote niliyakata, ya mama, ya binti, ya ule shemeji. Ukisikiliza hutaona hata mahali nilikata."

"Na sauti yake uliikata?"

"Noëlla. Sauti si jina."

Sauti si jina. Muntu anayeshinda siku nzima na sauti mu masikio njo anasema hivi. Zamani, na shiii yetu, wamama wangu wote walifanana. Hata mama yangu mwenyewe singemujua mule ndani. Sasa unasikia mpaka mate. Nani aliyekaa na Mama Emérita ku kilima kimoja hatamujua? Na kikohozi chake?

Nikauliza: na pale anasema ni binti yake njo aliona karatasi?

"Ile njo roho ya emission. Watu walilia huku. Wanaume, Noëlla."

Nilimukumbusha nilimwambia ni siri. Anasema alifikiri siri ni majina. Nilimuuliza juu ya zile zingine, tangu Noeli, juu ya nini hakuniambia. Anasema alitaka iwe surprise. Kisha akakasirika kidogo, akasema: "Na wewe ni bibi yangu karibu. Kazi ya bibi na kazi ya bwana, nani anachora mupaka katikati?"

Akaendelea kusema, na pale njo akajisahau:

"Directeur wetu huku alisema kama bruit ya carte zako za Masisi haiishi, emission yangu inakatwa. Ningefanya nini? Nilitafuta ile preampli mpaka nikaipata."

Nimekata telefone.

Nilifikiri ile preampli ilitoka kwa kile kilio cha choo. Kumbe. Alinipa jembe ili nimulimie shamba lake.

Siku ya ine, tarehe 22

Sikuenda kazi. Nimemwambia Papa ni kichwa kinaniuma. Élysée amepiga telefone, amepiga. Ameandika kama kule Walikale kuko wakubwa walisikia, wanaulizana huyu mama ni wa wapi, labda sasa kesi itasikilizwa.

Labda ni kweli. Njo inaniumiza zaidi. Hata ikiwa kweli, haikuwa yake kutoa.

Siku ya tatu, tarehe 28

Nilienda Kashuga kumwambia Mama Emérita mwenyewe, mbele asikie kwa wengine. Nilichelewa.

Umugwaneza alikuwa pale, mutoto ku mugongo, wengine wawili chini wanakula muhogo mubichi. Jembe limeegemea bâche. Nilikuwa simujui kwa sura. Nilimujua kwa sauti — anasema kama mama yake kabisa.

Mbonigaba alikuwa amepeleka ng'ombe Walikale. Alikaa pa boutique moja, redio inaimba, kisha misa. Alisikia. Alirudi ku kilima, akasalimia watu vizuri, akakula, akalala. Kesho yake akatuma watu mu kipande cha Umugwaneza, wakang'oa maharagi yote. Yalikuwa mu maua. Umugwaneza alipokimbilia kuuliza, Mbonigaba alimwambia: "Nenda ukalime kule mama yako anasemea."

Umugwaneza ameeleza hivyo bila kuniangalia. Hakupigwa. Alisema hivyo mara mbili, kama vile nilikuwa nimeuliza.

Mama Emérita alinipa kiti chake, yeye akakaa ku bidon ya maji. Bora angenifukuza.

"Ile mashine yako iko imezima?"

Nilifungua sac, nikamuonyesha haimo. Niliiacha Kitshanga.

"Nauliza tu," amesema. "Sasa siwezi kujua."

Nilimueleza. Carte, Walikale, vile nilivyosema ni siri. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye anajua kusikiliza.

"Mi niliambia wewe," akasema. "Sikuambia muntu mwingine. Huyu mwingine ni nani?"

"Ni muchumba wangu, Mama."

Akakohoa. Nikangoja jina. Hakutaja jina lolote.

Nilianza kusema aniamini, sikujua, singefanya. Alinikata na mukono, pole tu.

"Nakuamini, mwana wanjye. Lakini hawa watoto watakula nini? Kuamini kwangu?"

Siku ya Mungu, tarehe 2 mwezi wa tano

Nyumba ya Mama Emérita haitoshi watu watano. Nimeomba Papa, na leo Umugwaneza amekuja kwetu na watoto wake. Papa amemuonyesha shamba ya chini, karibu na mutoni, amesema anaweza kuanza kesho. Hakumuuliza kitu. Nilimwambia Papa yote njiani tukitoka misa.

Alitembea muda murefu. Nikamwambia: Papa, wakataze watu wa Élysée wasije siku ya posho, mwisho wa juma hii.

"Siwezi kufukuza wageni ambao hawajafika," amesema. "Kwetu ni musichana njo anaulizwa kama anawajua; akisema hapana, hakuna anayekunywa pombe yao, hakuna ndoa. Utaulizwa. Utajibu."

"Na wewe unataka nijibu nini?"

"Mi nimeuliza mama yako zamani, na alijibu yeye. Sikumujibia."

Shangazi Vestine yeye anafikiri nimechanganyikiwa. Tukiwa tunaosha masahani alinisemesha. "Wanaume wengine wanapiga. Wengine wanakunywa mpaka mabati ya nyumba. Huyu amefanya nini? Amepitisha sauti. Muda wako unaenda, Noëlla. Huyu mama atasahau." Nilimuonyesha na macho dirisha. Umugwaneza alikuwa inje pale, anaanika nguo za watoto. Shangazi alifunga kinywa, lakini hakuacha kukunja uso.

Siku ya tano, tarehe 7

Élysée alifika Kitshanga leo na amelala kwa muzee wa familia yao. Alitaka tuonane. Tumeonana mbele ya église tunayosalia, watu wanapita.

Amekonda. Nilikuwa nimesahau vile anavyoshika mikono nyuma akiwa na woga. Ningali nampenda — naandika hapa juu hakuna atakayesoma. Nilingoja neno moja tu, la kuomba musamaha. Lilikuwa neno fupi.

Amesema: amefikiri sana. Atafanya emission ya pili. Tuende pamoja Kashuga, tumurekodi tena Mama Emérita, na binti yake pia, waeleze vile walifukuzwa. Hii itatikisa watu. Hata ma-ONG, mashirika ya musaada.

Nilimwambia yule mama aliniuliza kama mashine imezima.

"Ile njo mwanzo muzuri wa emission," akasema.

Hakusema ili anichokoze. Alisema kweli, macho yanawaka. Hivi njo anavyoona vitu. Nimeelewa kama ile neno fupi haiko ndani yake, si kwamba anainyima.

Siku ya posho, tarehe 8

Wamefika. Niko mu chumba cha nyuma, kando ya kuku, naandika ku magoti. Kitenge kinabana. Nitaitwa.

Wamekuja wengi, na muzee wao wa kusema, na kasiksi, pombe ya ndizi, na caisse ya Fanta. Viti vya Shangazi vimetosha. Élysée chemise nyeupe. Pa mulango Umugwaneza njo aliwamwagia maji ya kunawa — Shangazi alimukataza, yeye akasema hapana, mi ni wa hapa, nitafanya kazi ya hapa. Nimeona mu tundu la mulango. Élysée amepokea maji kwa mikono yake, ameinama vizuri, amesema: "Aksanti, dada." Hamujui.

Wamesali. Wamesalimiana. Muzee wao ameongea juu ya ua waliloliona mu bustani ya Papa, maneno ya siku zote. Papa anajibu kidogo kidogo.

Sasa wanaume wamelegea. Mujomba wangu ameuliza kijana anafanyaka kazi gani. Nasikia Élysée anaeleza. Redio. Chef wa programme. Mujomba anataka kujua programme gani.

Anaeleza. Ukuta huu ni wa mbao, nasikia yote. Anasema kuko mama moja, mukimbizi, walimuibia shamba, na kidole. Anaeleza vizuri. Watu wamenyamaza. Anasema, tulimurekodi — tulimurekodi — mpaka unasikia pumzi.

Élysée amekohoa. Kakohozi kadogo, kama hodi. Kisha anasema na sauti ya Mama Emérita, ya Mama Emérita kabisa, pole na ya chini: "Kidole changu ni hiki. Kilienda kule na miguu gani?"

Wamecheka. Si kwa ubaya. Wamecheka vile watu wanacheka wakisikia kitu kimesemwa vizuri. Muntu amesema: pole ya mama. Mwingine anaomba arudilie.

Papa sikumusikia kucheka.

Umugwaneza iko hapa mbele yangu, pa mulango wa jiko. Alikuwa anamenya ndizi. Ameweka kisu chini. Ananiangalia.

Shangazi anaita: "Noëlla, kuja. Wazee wanauliza kama unawajua hawa watu. Wanauliza kama tukunywe pombe yao."

Élysée amekohoa tena, wanacheka tena.

Shangazi anaita mara ya pili. Umugwaneza amefunga mutoto ku mugongo, amesimama kando yangu, na sikumuomba. Nasikia muzee wao anasema, labda binti anaogopa. Papa anamujibu: hapana, binti yangu haogopi, anakuja, naomba kila muntu anyamaze amusikie vizuri.

Wamenyamaza. Naweka kalamu chini, naenda kusema siwajui.